Saa iliyokuwa ikichelewa

Jumamosi usiku

Kompyuta ya Baba imegoma. Naandika haya kwenye simu, nimekaa sakafuni, kasha lake liko wazi mbele yangu na tochi nimeiegemeza kwenye mguu wa kiti.

Niseme kwanza ilivyogoma, kwa sababu kompyuta zina namna nyingi za kugoma na kila namna ina tafsiri yake. Hii haikufa kimya. Ukibonyeza kitufe taa inawaka, feni zinazunguka, nembo ya mtengenezaji inatokea. Vinafuata vile vidoti vya duara, vinazunguka mara tatu nne, kisha skrini inageuka bluu kwa sekunde chache, mashine inajizima, inajiwasha, na mambo yanaanza upya. Baada ya kurudia hivyo mara kadhaa ikaandika kwamba inajaribu kujirekebisha. Ikakaa hapo karibu nusu saa, mwisho ikasema imeshindwa.

Humo ndani mna sauti ya Baba. Miaka yake miwili ya mwisho alikuwa akijirekodi jioni, anasimulia utotoni mwake, anataja majina ya watu ambao hakuna mwingine anayewakumbuka, mahali pengine anakohoa na kuomba radhi kana kwamba kuna msikilizaji chumbani. Kila faili aliipa jina la tarehe. Tangu tumzike nimekuwa nikisema nitazinakili mahali pengine. Sikunakili hata moja.

Kwa hiyo cha kwanza nilichofanya hakikuwa cha ufundi. Nililala chini nikaweka sikio kwenye kasha. Diski yake ni ya zamani, ya sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na diski za aina hiyo zikianza kufa mara nyingi hugonga: tak, tak, tak. Sikusikia kugonga. Nilisikia mvumo ule ule wa siku zote, na moyo ukatulia kidogo.

Nikaanza na mepesi. Nilichomoa printa, spika na flashi iliyosahaulika nyuma, maana kuna nyakati kompyuta hujaribu kuwakia kwenye flashi na kupotea njia. Nikachomoa waya wa umeme, nikashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki iishe. Nikagusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi kitu. Vipande viwili vya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nikavitoa, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikavirudisha mpaka vishikizo vikabana. Nikawasha na kimoja, kisha na kingine. Kapasita za mazabodi, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji kwenye bodi kuu ya kompyuta, nikazimulika moja moja: vichwa vyote bapa, hakuna iliyovimba wala iliyovuja.

Bado bluu.

Nikampigia fundi ninayemfahamu. "Hiyo piga Windows upya," akasema, "hata saa moja haiishi." Ni mtu ninayemwamini, na kweli mara nyingi hiyo ndiyo dawa. Lakini kupiga Windows, kwa namna wengi wanavyopiga, huanza kwa kufuta diski. Nikamuuliza, na vilivyomo je? Akanyamaza. "Una nakala?" Nikamwambia sina. "Basi usiiguse kaka, usiiguse kabisa."

Nimeizima. Sina usingizi.

Jumapili

Dada amekuja na laptopu yake. Hakunilaumu, ingawa mwaka jana yeye ndiye aliyeniletea diski ya nje, akaniwekea mezani, akasema, "Mdogo wangu, hizi rekodi za Baba zihamishe." Diski hiyo nimeitoa leo kwenye droo ikiwa bado na plastiki yake.

Kwa laptopu ile tumetengeneza flashi yenye Linux. Ningependa kila mwenye kompyuta nyumbani awe nayo moja. Ni mfumo mzima unaowaka kutoka kwenye flashi na kufanya kazi ndani ya RAM, na diski ya mashine haiandikwi kitu mpaka wewe mwenyewe uamue. Unachomeka, unawasha, unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia (kwenye mashine nyingi ni F12, F11 au Esc), unachagua flashi. Tulisubiri dakika mbili. Ikawaka. Nikafungua diski, nikaliona folda la Baba, na ndani yake tarehe zimepangana kama alivyoziacha.

Dada alitaka tusikilize moja papo hapo. Nilimwomba tusubiri. Kama diski ni mgonjwa, kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho, na kinachotangulia ni kuhamisha, wala si kuchunguza ugonjwa. Ilichukua saa moja na dakika ishirini. Faili 143, pamoja na picha na barua zake. Tulikaa tukitazama ule mstari wa kijani ukisogea, hatuongei.

Hapo ndipo nikapata nafasi ya kufikiri.

Diski za leo zinajiandikia kumbukumbu za afya zao, na kumbukumbu hizo zinasomeka. Kwangu mistari miwili ndiyo ya kutazama kwanza: sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika, na sekta zinazosubiri kuhamishwa. Namba hizo zikiwa zinapanda, diski inaaga. Kwa hii ya Baba zote mbili zilisoma 0. Faili zote zimesomeka, hakuna iliyokwama. Diski ni nzima. RAM ni nzima. Sasa skrini ya bluu inatoka wapi?

Dada ndiye aliyeona. Alinyoosha kidole kwenye kona ya skrini. "Mbona inasema 2009?"

Tarehe iliyokuwa pale ni 1 Januari 2009.

Nikakumbuka mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, wiki tatu au nne hizi saa ya kompyuta hii imekuwa ikichelewa. Asubuhi moja dakika ishirini, nyingine saa mbili. Kila mara niliirekebisha nikaendelea na shughuli zangu. Kuna siku tovuti zilikataa kufunguka, zikidai vyeti vya usalama si halali. Vyeti hivyo vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta iliyopotea kwenye kalenda huona cheti kizuri kama kibovu. Nikarekebisha tarehe, zikafunguka, nikasahau. La pili ni la jana. Nilipowasha mara ya kwanza, kabla ya ile bluu, yalitokea maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yakinitaka nibonyeze F1 ili kuendelea. Nikabonyeza bila kuyasoma.

Tukazima, tukawasha tena, safari hii nikaingia kwenye BIOS, ile programu ndogo ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, kwa kitufe cha Delete. Mipangilio yote ilikuwa imerudi kama siku mashine ilipotoka kiwandani. Na kwenye ukurasa wa diski, mahali pa kuchagua njia ya kuongea na diski za SATA (zenye kiungo kama cha hii ya Baba), palikuwa pameandikwa IDE.

Nieleze vizuri hapa, maana mtu anaweza kupita hapo mara kumi asielewe kinachotokea. Mazabodi ina njia zaidi ya moja ya kuzungumza na diski: ile kongwe ya IDE, na mpya zaidi ya AHCI. Mfumo ukiwekwa kwenye mashine huizoea njia iliyokuwepo siku hiyo na kuandaa programu ya kuitumia mapema kabisa inapowaka. Ukiibadilisha njia bila kuuandaa mfumo, huwa kama mtu aliyeamka usiku akakuta mlango umehamishwa ukuta wa pili. Diski ipo, faili zipo, lakini hauwezi kuzifikia, unaanguka na skrini ya bluu ambayo mafundi wanaijua kwa namba yake, 0x7B. Linux yetu haikusumbuka kwa sababu huja na programu za njia zote mbili na kuchagua inayofaa kila inapowaka.

Na aliyebadilisha njia si mtu. Ni betri ya kidonge, ile ya duara iliyolala kwenye mazabodi, CR2032, upana milimita 20. Kompyuta ikiwa haina umeme kabisa, betri hiyo ndiyo huendesha saa na, kwenye mashine za umri huu, ndiyo hushikilia mipangilio. Mashine nyingi mpya huhifadhi mipangilio kwenye chipu isiyohitaji betri, kwa hiyo betri ikifa hupoteza saa tu. Utaratibu wa saa yenye betri yake ulienea tangu IBM walipotoa PC/AT mwaka 1984. PC yao ya 1981 haikuwa nao, na ilibidi uiandikie tarehe kwa mkono kila unapoiwasha. Saa yenyewe ni kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa mbili mara kumi na tano, unapata moja: sekunde moja. Nimeifanya hesabu hiyo leo kwenye karatasi na imenifurahisha kuliko nilivyotegemea.

Nilipoichomoa na kuipima, mita ilisoma volti 2.3. Mpya husoma 3 na ushee. Volti iliposhuka, saa ndiyo iliyoanza kuyumba. Ilipozidi kushuka, na mipangilio nayo ikaanguka.

Jumapili, usiku zaidi

Kuna jambo linanikaa moyoni.

Betri hizi hudumu miaka mingi, kwa sababu kompyuta iliyochomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, hupata umeme kidogo wa kusubiri, na saa hutumia huo. Betri haifanyi kazi mpaka waya uchomolewe. Mashine inayochomolewa kila siku huila betri yake kila siku.

Baba alikuwa akichomoa kila usiku. Alizima, akangoja feni zinyamaze, akainama kwa taabu ile ya magoti yake, akachomoa, akakunja waya juu ya kasha. "Nayo ipumzike," alikuwa akisema. Na mimi, tangu kompyuta hii ihamie kwangu, nimekuwa nikichomoa na kukunja waya vile vile. Sikuwahi kujiuliza kama inahitajika. Ulikuwa muda wangu wa kuwa naye kabla ya kulala.

Sisemi Baba alikosea. Kuchomoa kunalinda mashine radi zinapopiga na umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, na yeye alishaunguliwa na redio moja kwa namna hiyo. Ila sikujua kwamba kila usiku wa kuipumzisha, kidonge kile kilikuwa kikikesha peke yake. Na saa ilikuwa ikisema, mwezi mzima.

Jumatatu jioni

Betri mpya. Nimechomoa waya, nimeshika kitufe cha kuwashia kwa muda, nimegusa chuma. Kishikizo kidogo cha pembeni ukikisukuma kwa kucha betri inaruka yenyewe, hakuna haja ya bisibisi, na bisibisi ikiteleza hapo inaweza kukata njia za mazabodi. Upande wenye alama ya kujumlisha unatazama juu.

Kisha BIOS: tarehe ya leo, saa ya leo, njia ya SATA kutoka IDE kwenda AHCI, diski iwe ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwakia. F10 kuhifadhi. Vile vidoti vikaja. Nilivihesabu vikizunguka. Mara tatu, nne, tano, sita. Kisha ikaja picha ya Mama akiwa amesimama mlangoni, ile ambayo Baba aliiweka iwe mandhari ya skrini.

Kabla ya kufunga kasha nimepiga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu. Nimeandika tarehe ya betri kwenye kipande cha gundi ya karatasi, nimekibandika ndani ya mfuniko. Nakala ya pili ya rekodi inaondoka kesho na Dada, ikakae kwake.

Nikamwita tusikilize. Tulifungua ya kwanza kabisa, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuifungua. Kwa sekunde kadhaa hakuna kitu ila mvumo wa feni, feni hizi hizi, zikisikika ndani ya rekodi na nje yake kwa wakati mmoja. Kisha Baba akauliza, "Inanasa?"

Saa nne nimeizima. Feni zilinyamaza. Nikainama, mkono ukafika kwenye waya, nikaushika pale kwa muda. Nje anga ni safi. Nimeuacha ukutani.