Wanangu nao walihesabiwa Bujora

Yote yalianzia kwenye simu ya shangazi yao. Binti yangu, miaka saba, aliona watu wakicheza juu ya barafu, magauni yanameremeta, wanazunguka kama pia, na ukumbi umejaa watoto wa rika lake. Kesho yake nikamkuta jikoni. Katoa barafu za maji kwenye friji, kachana nailoni, kazipanga kwenye sinia, na juu yake kuna mwanasesere aliyefungwa vizibo viwili vya soda miguuni. Alikuwa anamsukuma taratibu, maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko.

"Mama, tutaenda lini?"

Nilimweleza ukweli. Kwamba chini ya barafu ile kuna mabomba yanayopitisha ubaridi, na maji humwagwa tabaka kwa tabaka mpaka yagande kwa unene wa sentimita chache tu. Kwamba Nairobi ulifunguliwa uwanja wa barafu ndani ya hoteli mwaka 2005, lakini huko ni usiku kucha kwenye basi kupitia Sirari, na kwa sasa sina nauli hiyo. Akafikiri. "Na Mwaloni je?" Maana barafu nyingi kuliko zote alizowahi kuziona ni zile wanazomwagia sangara pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, hapa kwetu Mwanza.

Swali hilo lilinikaa rohoni. Nadhani alichotaka hasa ni kuwa mahali ambapo watu wanafanya jambo la ajabu, karibu kiasi cha kuwasikia wanavyohema.

Ilikuwa Juni. Bibi yao ndiye aliyesema, "Wapeleke Bulabo," yaani tamasha la ngoma za Wasukuma linalofanyika Bujora.

Tukapanda daladala asubuhi, mimi, bibi, binti na mdogo wake wa miaka minne, hadi Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma. Bujora ndipo penye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha padre David Clement, Mkanada aliyezipenda ngoma zetu kiasi cha kuziingiza kanisani. Njiani bibi aliwasimulia habari za Ngika na Gumha, wacheza ngoma wawili wa zamani walioshindana, wafuasi wa mmoja wakaitwa Bagika na wa mwingine Bagalu. Mshindi alipatikanaje? Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Aliyevuta umati mkubwa ndiye kashinda. Ndiyo maana kila kundi lilikuwa na dawa zake za kuvutia watu.

"Na watoto wanahesabiwa?" binti akauliza.

"Mwenye miguu anahesabiwa, mjukuu wangu."

Kuanzia hapo sikuwa na binti wa kumshika mkono. Ngoma kubwa zilipoanza, mdogo alijishika tumbo akanitazama: "Mama, ngoma iko humu." Wacheza Bugobogobo wakaingia na majembe, wakayarusha juu, yakapinduka hewani, jua likapiga kwenye bati la jembe, na yakarudi mikononi bila mpigo kupotea. Ni ngoma ya shambani, ya watu kulima pamoja kwa mdundo mmoja, na ukimtazama mchezaji mgongo unaona kabisa kazi ya jembe imo ndani yake. Binti alisimama sekunde chache upande huu, akasikia shangwe ng'ambo, akakimbia; akarudi tena. Alikuwa anafanya kazi ya kuamua, uso umekaza. Nilimwacha, macho yangu yakiifuata tu kofia yake nyekundu.

Halafu akaletwa chatu. Mwanangu mdogo alikunja vidole vyote kwenye shingo yangu, akaacha kupumua. Jirani akasema mwache mtoto azoee, si ni dume huyo. Nilimbeba nikatoka naye hadi chini ya mti, tukakaa tukasikiliza kwa mbali. Mtoto wa miaka minne akiogopa, anaogopa kweli, na sioni sababu ya kumshindanisha na nyoka. Tangu wakiwa wachanga nimekuwa nachagua kukaa pembeni, karibu na njia, maji na kitenge mkononi, ili tuweze kuondoka bila kukanyaga watu. Baada ya robo saa yeye mwenyewe akasema turudi, ila nimbebe.

Barafu haikutajwa siku ile. Wala kesho yake.

Jumapili jioni nilisikia kelele uani. Binti kapindua ndoo karibu na karo, mdogo kapindua sufuria kwenye mlango wa geti, kila mmoja anapiga na kuita, "Njooni kwangu! Njooni kwangu!" Mwiko wa ugali ulipaa juu, ukaanguka, ukaokotwa, ukapaa tena. Bibi yao alikuwa amesimama katikati ya ua, khanga kaikaza kiunoni. Akaanza kwa mdogo, hatua mbili za ngoma, taratibu kwa sababu ya magoti. Kisha akageuka akaelekea kwenye karo.

Nikaacha mboga jikoni, nikaenda kusimama upande wa geti, kwa mdogo.