Cheti cha alama ya biashara kinaishia wapi

Wenzangu tunaokaanga kahawa hapa Moshi, cheti cha alama ya biashara cha BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kichukueni, nawasihi. Ila kina mipaka yake. Kinalinda bidhaa ulizozitaja kwenye maombi: kwenye orodha ya kimataifa ya makundi ya bidhaa na huduma kahawa iko kundi la 30, lakini ukifungua mgahawa hiyo ni huduma, kundi la 43, unaomba upya.

Pakiti zangu za gramu 250 zina mchoro wa jani la mgomba lililochanika katikati, na chini yake jina la biashara. Hivyo viwili ndivyo vyangu. Maneno "kahawa ya Kilimanjaro" pale pembeni ni ya kila mkulima wa huku, na ndivyo inavyopasa. Mama wa Kibosho anayeuza arabika yake, tukimzuia kuyatumia, aseme inatoka wapi?

Halafu kuna nchi. Ukivuka mpaka wa Holili ukaingia Taveta, Kenya, cheti chetu hakina nguvu. Hata Zanzibar wana sheria yao na msajili wao. Kwa cheti cha BRELA, ulinzi wa mwanzo ni miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Mwenye mteja Kenya asajili huko kwanza, kabla hajapeleka hata kilo moja.