Chini ya Miamba ya Ndege, Svalbard

Tuliondoka Longyearbyen, mji wa Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo nyuzi 78 kaskazini mwa Ikweta, kwa mashua iliyofuata ukingo wa ghuba ya Isfjorden, huku kiongozi wetu akiwa na bunduki kwa hofu ya dubu weupe, ingawa sisi tulikwenda kuchimba vipande vya udongo tu. Tuliowafuata ni viumbe wa milimita chache: utitiri wa udongoni, na pia kolembola, viumbe wenye miguu sita wasio na mabawa; wengi wa kolembola hufyatuka juu kwa kiungo kilichokunjwa chini ya tumbo.

Juu ya ufukwe changarawe ilikuwa kavu na ilitupatia kidogo sana. Tulipofika chini ya majabali wanakotaga ndege wa bahari, hali ilibadilika kabisa. Ndege hao hula baharini na kunyea nchi kavu. Samadi yao hustawisha mosi, yaani mimea midogo laini inayotambaa ardhini, na mabaki yake huotesha kuvu ambazo kolembola huzila. Humo huishi kolembola aitwaye Megaphorura arctica, mweupe, asiyeruka, ambaye kwangu ndiye aliyestahili safari nzima. Majira ya baridi yanapofika, maji ya mwili wake hupenya ngozi na kuvutwa na barafu inayomzunguka, naye hutengeneza sukari ya trehalosi ya kulinda seli zake, hata akabaki amesinyaa, bila maji ya kutosha kuganda ndani yake.

Jioni, ikiwa jua la huko, lisilotua majira ya joto, lina jioni, tulitandaza udongo juu ya faneli zenye taa, kwa njia iliyotokana na kazi za wanasayansi Berlese na Tullgren: udongo hukauka kuanzia juu, viumbe hushuka wakifuata unyevu, kisha hudondokea kwenye alkoholi.

Svalbard ina zaidi ya spishi 60 za kolembola, idadi kubwa kwa visiwa ambavyo sehemu kubwa imefunikwa na barafu. Ngozi isiyolowa huwawezesha baadhi yao kuelea juu ya maji ya bahari na kuchukuliwa na mikondo. Wengine wameletwa na watu. Katika udongo uliosafirishwa zamani hadi Barentsburg, kijiji cha Warusi visiwani humo, kwa ajili ya kilimo cha ndani ya nyumba za vioo, wamekutwa wageni wasioonekana kwingineko visiwani, na kwa sababu hiyo tulisugua soli za viatu kwa brashi kila tulipohama eneo.