Miguu kuruka kwenye pedali mteremkoni: jinsi nilivyotatua

Nikishuka kwa baiskeli njia za vumbi kutoka Kibosho kwenda Moshi mjini, miguu iliruka kwenye pedali na viganja vikafa ganzi. Breki na matairi vilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa kwenye unyayo.

Ukikanyaga kwa vidole, kila jiwe linakunja kifundo na mguu unainuka. Nilisogeza mguu mbele kama sentimita 2, ekseli (chuma cha katikati ambacho pedali inazungukia) ikakaa nyuma kidogo ya ile nyama nene ya chini ya kidole gumba. Halafu kisigino nikakishusha. Hili ndilo lenye uzito kuliko yote: kisigino kikiwa chini, mtikisiko unaukandamiza mguu kwenye pedali badala ya kuurusha.

Mikono ya pedali iwe sambamba na ardhi, magoti yamekunjwa, makalio hayagusi kiti. Kama viganja bado vinauma, uzito umeegemea usukani, urudishe miguuni. Kiti kishuke sentimita 5 hadi 8, la sivyo kitakusukuma mbele ukifunga breki. Kwenye kona, mguu wa nje uwe chini na uukandamize. Wa ndani ukiwa chini, pedali itagonga jiwe.

Pedali za plastiki zilizolainika nilizitoa, nikafunga za chuma zenye meno. Tumia spana namba 15 na grisi kidogo kwenye nyuzi za skrubu ya pedali. Angalia ya kushoto: inafunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa, na wengi huiharibu hapo. Viatu viwe vya soli bapa ya mpira.