Usiku wa kuchomeka kadi

Kadi ya picha ya kompyuta, ile inayochora kinachoonekana kwenye kioo, ilikaa kwenye boksi siku nne. Pesa nilishalipa, kazi za kuhariri zinanisubiri, lakini kila nikishika bisibisi mkono unasita. Jana baada ya isha nikamwita mdogo wangu anishikie tochi.

Kadi yenyewe ni RTX 3070, imetumika lakini safi. Ile ya zamani, GTX 1050 Ti, haikuwa na habari ya waya wowote. Ilikula wati 75, na hizo sloti ya mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, inazitoa yenyewe. Hii mpya inataka wati 220, kwa hiyo mgongoni ina matundu mawili ya pini nane, kila moja la kubeba hadi wati 150. Pawa saplai yangu, boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ya wati 650, inatosha.

Kilichokuwa kinanitia hofu ni waya.

Miaka miwili nyuma nilibadilisha pawa saplai. Waya za ile ya zamani zilikuwa tayari zimepangwa vizuri ndani ya kesi, nikaona kwa nini nizing'oe? Nikachomoa upande mmoja tu, nikazichomeka kwenye pawa saplai mpya. Ziliingia bila kulazimishwa. Nikawasha, na diski ya kuhifadhia mafaili ikaungua palepale. Humo mlikuwa na video za harusi ya dada yetu, na nakala nyingine sikuwa nayo. Dada hakunigombeza hata kidogo. Alisema tu, "Basi, mdogo wangu, kimeenda hicho." Afadhali angefoka.

Baadaye ndipo nikaelewa. Upande unaoingia kwenye kifaa umepangwa kwa kanuni moja dunia nzima, ila upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake anavyotaka, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Volti 12 zilipita mahali palipotakiwa volti 5. Tundu linafanana, umeme haufanani, na hakuna kitu cha kukuzuia.

Kwa hiyo jana nilitoa mfuko uliokuja na pawa saplai hii hii, nikamwaga waya zote kitandani. Mdogo wangu akaokota mmoja wa pini nane. "Kaka, si huu hapa?" Ulikuwa wa prosesa. Nikamwonyesha kwenye kichwa cha waya: huo umegawanyika nne kwa nne, wa kadi ni sita na kipande cha mbili kinachoning'inia pembeni. Moto na negativu vimepangwa kinyume kati ya hizo mbili. Akaurudisha taratibu, kama mtu aliyeshika yai.

Kulikuwa pia na waya mmoja wenye vichwa viwili, ungetosha matundu yote. Sikuutaka. Kadi ya namna hii ikifanya kazi nzito saa nzima, mzigo wote unapita kwenye waya mmoja. Nikavuta mbili, kila tundu na wake. Nilibana kile kipande cha pini mbili na vile sita vikawa kitu kimoja, nikasukuma kwa kidole gumba mpaka klipu ikalia *ta*. Wa pili haukulia. Nikauchomoa, nikapuliza, nikasukuma tena, *ta*. Nikavuta kidogo kuhakikisha haung'oki.

Nikamwambia awashe yeye.

Feni za kadi zikazunguka kidogo, halafu zikasimama. "Kaka, zimekufa!" Moyo wangu nao ulishtuka, japo najua kadi hizi hupumzisha feni zikiwa za baridi. Kioo kikawaka. Nikafungua vile vipande vitatu vya harusi vilivyobaki kwenye simu ya shangazi, nikaanza kuvisafisha rangi. Baada ya muda feni zikaanza kuzunguka tena, na dada akaonekana anashuka kwenye gari, anacheka, ameshika gauni lisiguse vumbi.