Gofu kwa mfuko wa fundi friji

Kila niliyemuuliza aliniambia gofu si mchezo wa mtu wa Likoni. Aliyeniudhi zaidi ni jamaa mmoja wa kazini aliyenipangia bajeti nzima: seti mpya, viatu vya njumu, mwalimu wa kulipwa kwa saa, kisha uanachama wa klabu, "ndipo uanze". Ningemfuata ningeuza friji za wateja. Sheria za gofu zinakataza kubeba fimbo zaidi ya 14; hakuna panapokataza kupungua. Nilianza na tatu: namba 7 ya mapigo ya kawaida, moja ya kuchopoa mpira mchangani, na pata, ile ya kuusukuma mpira shimoni. Zote mitumba za soko la Kongowea, elfu tatu na ushei hivi. Angalia urefu, maana nyingine ni za watoto na muuzaji hatakwambia.

Kisa kilikuwa kwenye mazoezi. Wavu wa dukani bei yake haisemeki, nikashuka ufuoni kwa mzee mmoja mvuvi.

"Shikamoo mzee. Huna wavu mkuukuu?"

"Marahaba. Wataka wa samaki gani?"

Nikamwambia wa mpira. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanipa kipande cha jarife, akaapa kuwa limezuia papa, sembuse kijimpira. Nikalitundika kati ya minazi miwili, watoto wakajipanga kutazama. Nikapiga. Mpira haukugusa hata uzi! Macho ya jarife yanapitisha kiganja, na mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 43 hivi. Ulipita, ukagonga bati la jirani, ukarudi na kutumbukia kwenye sufuria ya mama anayeuza mahamri na mbaazi. Akauchota kwa upawa, akautazama.

"Mwanangu, kama ni yai, si ungelimenya kwanza."

Nikainunua sufuria nzima. Nyumbani tulikula mbaazi hadi watoto wakagoma.

Nilirudi kwa mzee, safari hii akanipa juya, la macho madogo. Nililikunja mara mbili nikaliacha lining'inie legelege, na siri iko hapo hapo: wavu uliokazwa hukurudishia mpira usoni. Nyuma yake nikatundika zulia bovu. Mzee sasa anajitangaza kuwa kocha wangu.

Pata naifanyia mazoezi barazani, nikilenga mkebe wa maziwa ya unga. Shimo halisi lina upana wa milimita 108, mkebe wangu ni mwembamba zaidi, kwa hiyo nikifika uwanjani shimo naliona kama kisima.

Uwanja wenyewe ni Mombasa Golf Club, pale Mama Ngina, ulioanzishwa 1911. Una mashimo 9 na wenye pesa huudharau kwa hilo. Mimi ndilo ninalolipendea: raundi fupi, kisha narudi kazini. Kivuko kwa miguu ni bure, na kutoka feri natembea. Fimbo nazitia guniani. Askari alinizoea baada ya kuhakikisha si mapanga. Piga simu kwanza uulize ada ya mgeni, na uende siku ya kazi. Shati liwe na kola.

Kedi, yule anayekubebea fimbo na kukushauri, usimkate bei, huyo ndiye mwalimu wako. Wa kwangu, msimu wa kusi, huniambia, "Lenga baharini, ami." Roho inaniuma, lakini nalenga, na upepo wenyewe unaurudisha mpira katikati.

Mnaoogopa kuchekwa: tangu 2020 hendikapu, yaani mapigo ambayo mchezaji dhaifu hupunguziwa, ya juu kabisa ni 54, mwanamume kwa mwanamke. Hayo ni mapigo matatu ya ziada kwa kila shimo katika raundi ya mashimo 18. Sisi wabovu tumeshatengewa nafasi.

Na mipira msinunue mipya. Iliyookotwa vichakani huuzwa kwa bei ya kutupa. Mikwaruzo haina neno, ila uliopasuka uache. Juzi niliuziwa mmoja mzuri sana, nikaugeuza, nikakuta alama yangu ya wino.