Vipimo vya tezi viko sawa, lakini jicho linatokeza

Karatasi ya maabara ya tezi ya shingo (thyroid) inaonyesha TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi, iko sawa, na FT4, homoni ya tezi yenyewe, iko sawa. Shingoni hakuna rovu. Mgonjwa anaambiwa ni mzio wa vumbi na anapewa matone. Miezi inapita, jicho moja linazidi kutokeza. Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania tatizo hili, ugonjwa wa macho wa tezi, linapita bila kutambuliwa kirahisi mno. Rovu tumelizoea tangu enzi za chumvi isiyo na madini joto, kwa hiyo tezi tunaitafuta shingoni tu. Tena ikifika Juni hadi Agosti, upepo mkavu wa Mbeya na Makete unamwasha macho kila mtu.

Ugonjwa wa macho wa tezi hausababishwi na wingi wa homoni. Unatokana na kingamwili, yaani chembe za kinga ya mwili, zinazoshika vipokezi vya TSH, na vipokezi hivyo vipo pia kwenye tishu za nyuma ya jicho. Zikichokozwa, misuli inayozungusha jicho inavimba na mafuta yanaongezeka. Tundu la jicho limezungukwa na mfupa, limeachwa wazi mbele tu, basi jicho linasukumwa huko. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wana tezi inayozalisha homoni kupita kiasi. Waliobaki homoni zao ziko sawa au pungufu, na kwao ugonjwa mara nyingi unalemea upande mmoja, ndiyo maana unadhaniwa ni uvimbe wa aina nyingine.

Jiangalie kwenye kioo, ukitazama mbele, uso umelegea. Kwa kawaida kope ya juu hufunika milimita 1 hadi 2 za juu ya duara jeusi la jicho. Ukiona weupe wa jicho kati ya kope ya juu na duara hilo, kope imevutwa, na hiyo ndiyo dalili inayoonekana zaidi katika ugonjwa huu. Kisha mwombe mtu ashushe kidole taratibu mbele yako, wewe ukifuate kwa macho bila kuinamisha kichwa. Kope ikibaki nyuma wakati jicho linashuka, mwambie daktari. Chukua na picha zako za zamani, hata ile ya kitambulisho. Kuna koo zenye macho makubwa ya asili, na Waafrika wengi macho yetu hutokeza kuliko vipimo vya vitabu vya Ulaya. Tofauti ya milimita 2 au zaidi kati ya jicho na jicho ina uzito kuliko namba yenyewe.

Omba kipimo cha TRAb, yaani kingamwili za kipokezi cha TSH. Kwa mtu mwenye homoni za kawaida kinaweza kuwa chini au hata kisionyeshe kitu, kwa hiyo jibu hasi halifuti ugonjwa. Hapo inahitajika picha ya CT au MRI ya matundu ya macho. Kwenye ugonjwa wa tezi misuli ya jicho huvimba sehemu yake ya katikati na kano zake hubaki nyembamba, na picha hiyohiyo inasaidia kubaini saratani au uvimbe mwingine. TSH irudiwe kila miezi 3 hadi 6, kwa sababu wengi walioanza na homoni za kawaida huja kubadilika baadaye.

Matone yenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, yasinunuliwe dukani kiholela. Hayafiki nyuma ya jicho, na yakitumika muda mrefu yanaleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Kinachosaidia nyumbani ni machozi bandia mchana, jeli usiku, kulalia mto wa juu, miwani kwenye bodaboda na kukaa mbali na moshi wa kuni. Sigara iachwe kabisa. Katika yote yaliyo mikononi mwa mgonjwa, hakuna kinachouchochea ugonjwa huu kama sigara.

Uvimbe ukiwa mkali, yaani maumivu, wekundu, kope zilizojaa, kuona vitu viwiliwili, dozi inayotumika sana ni methylprednisolone, steroidi inayotolewa kwa mshipa: gramu nusu kila wiki kwa wiki 6, kisha robo gramu kwa wiki 6. Jumla ni gramu 4.5, na isivuke 8 kwa sababu ya ini. Kabla ya kuanza, pimwa sukari, presha, ini na homa ya ini B, na uchunguzwe kifua kikuu.

Kuna hali isiyosubiri kliniki ya mwezi ujao. Funika jicho moja, tazama kifuniko chekundu cha soda, kisha badilisha. Wekundu ukififia upande mmoja, au uoni ukipungua, huenda neva ya jicho inabanwa. Nenda siku hiyohiyo hospitali ya rufaa yenye daktari bingwa wa macho, Mbeya ukiwa karibu, na kama upasuaji wa tundu la jicho haupatikani hapo, uulizie palepale rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi. Upasuaji mwingine wote husubiri ugonjwa utulie kama miezi 6, na una mpangilio wake: tundu la jicho kwanza, misuli baadaye, kope mwisho.